Ndugu yangu amefungwa kwa ng'ombe aliyepewa kutunza

Wakuu, salamu kutoka Kericho. Haya sijayatia chumvi, na natamani yangekuwa ya mtu mwingine.

Ndugu yangu mkubwa, Kiprotich, ana kashamba upande wa Londiani. Miaka kadhaa iliyopita mzee jirani alimpa ng'ombe amtunzie. Sisi Wakipsigis tunaita kimanagan: ng'ombe anabaki wa mwenyewe, wewe unalisha na kukamua, maziwa ni yako.

Hakuna karatasi. Ukidai karatasi ni kama umemtukana mtu.

Mzee akafariki. Wanawe, watu wa kukaa mjini, wakaenda polisi kwamba ng'ombe wa baba ameibwa. Akapatikana kwa Kiprotich. Kiprotich akashtakiwa wizi wa mifugo.

Pesa ya wakili hatukuwa nayo. Nikamuuliza karani wa korti kama serikali inaweza kutusaidia. Mama mpole tu, akasema, "Wa bure tunapata kwa kesi ya murder, brother. Hii mtajisimamia."

Yaani angeua mtu angepewa wakili! Nilicheka kwa hasira.

Sasa kosa langu. Nilimwambia Kiprotich asibishane na hakimu, akubali yaliyo kweli na aombe msamaha. Kwetu ukiomba msamaha mbele ya wazee, maneno yanaishia hapo.

Akasomewa. Ng'ombe ni wa marehemu? "Ni kweli." Alipatikana kwako? "Ni kweli." Uliwaomba ruhusa hawa watoto wake? "Hao sikuwaomba."

Alipoulizwa kama ana la kusema, akaomba msamaha, vile nilivyomfundisha. Hakimu akahesabu amekiri kosa, akampa miaka mitano.

Baadaye nilipata wakili mmoja akasoma file dakika chache tu. Akasema Kiprotich angekana, majirani wangekuja kueleza, na kesi ingeanguka. Majirani wote wanajua habari ya huyo ng'ombe!

Nilichojifunza: ukishtakiwa, usikubali kitu kabla hujaongea na wakili. Na wakili wa umma awe kortini siku ile ya kwanza mtu anasomewa, hata kama ni kesi ya kuku. Baada ya kufungwa anasaidia nini?

Juzi nilimtembelea gerezani. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Aliniuliza tu, "Kwani pale nilidanganya wapi?"

Swali lake nawaletea, wakuu. Mwenye ana jibu aandike hapa chini, nitampelekea.