Umeme Ulipokuwa Ukikatika Dutwa

Felisita aliolewa Dutwa akitokea Kalemela, upande wa ziwani, ambako baba yake alilima mpunga na kuvua kidogo. Anasema kitu cha kwanza alichokizoea ukweni kilikuwa mlio. Baba mkwe wake, mzee Bujiku, alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, na kwenye bomba la moshi alikuwa amefunga kopo lililopiga tuku-tuku-tuku mpaka kijiji cha pili. Mlio ukianza, akina mama walijitwisha madebe ya mahindi wakashika njia. Ukinyamaza, walijua mzee anakula.

Mzee alipofariki, Josia, mume wa Felisita, hakuitaka mashine. Yeye ni fundi ujenzi na kazi zake nyingi ziko Somanda, mjini Bariadi. Anaondoka Jumatatu, anarudi Ijumaa.

"Vumbi la saruji linanitosha," alimwambia mkewe. "Hili la unga chukua wewe."

Aliuza injini ya dizeli, akafunga mota ya umeme, na kabla ya kurudi kazini akajenga benchi refu la saruji nje, chini ya bati, ili wateja wasisubiri wamesimama. Felisita akawa mwenye mashine akiwa na miaka ishirini na tisa na mabinti wawili. Joyness alikuwa darasa la nne. Elizabeth alikuwa bado wa mgongoni.

Mimi nafundisha shule ya jirani, na sijui nimekaa kwenye benchi lile mara ngapi. Miaka hiyo umeme ulikuwa ukikatika sana. Mota ilishusha sauti polepole kama mtu anayepitiwa na usingizi, kisha kimya. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu mahindi yako yalikuwa nusu yameshaingia kwenye mashine. Basi tulikaa. Felisita alitoka nje, amejaa unga mpaka kwenye kope, akaketi pembeni na mtoto wake. Mazungumzo yakaanza yenyewe.

Siku moja ya mwaka 2021 alikuwepo Milembe, mjane wa miaka sabini na kitu anayekaa nyuma ya kanisa. Mtu alilalamika kwamba umeme umezidi kuchelewa. Milembe akasema wao hawakuwa na cha kungojea. Alipokuwa bibi harusi, alisaga mtama kwenye jiwe kabla ya mapambazuko, peke yake, na mama mkwe alilala upande wa pili wa ukuta akisikiliza. Ilibidi aimbe. Wimbo ukikatika, mama mkwe anajua mkwe amesinzia.

"Sasa ulifanyaje, mayu?" Felisita akamwuliza, akimwita mama kwa lugha ya huko.

"Nilijifunza kusinzia huku naimba," Milembe akasema, akauimba wimbo wenyewe kwa Kisukuma, taratibu, mikono yake ikienda mbele na kurudi nyuma juu ya mapaja kama yuko kwenye jiwe.

Felisita alirekodi kwa simu ili amtumie mdogo wake, Winnie, aliyeko Mwanza. Hakuwa na nia nyingine. Winnie akairusha video hiyo mtandaoni. Ndani ya wiki moja watu walikuwa wanaandika kutoka Dar es Salaam, kutoka Mbeya, mmoja kutoka Uarabuni. Yule wa Uarabuni alianza kwa salamu ya Kisukuma: "Mwangaluka mayu. Bibi yangu aliuimba huu. Nilidhani ameondoka nao." Felisita aliusoma ujumbe huo kwa sauti pale mashineni, na Milembe akaomba usomwe tena.

Joyness, ambaye mambo ya simu aliyajua kuliko mama yake, akafungua akaunti wakaiita Benchi la Dutwa.

Hapo ndipo maisha ya Felisita yalipogawanyika, na mgawaji alikuwa umeme. Ukiwepo, anasaga. Ukikatika, anarekodi. Mtu aliyeleta mahindi alieleza alivyokutana na mkewe kwenye mnada wa ng'ombe. Mwingine alieleza njaa ya utotoni na jinsi mama yao alivyochemsha sufuria ya maji ili wao walale wakidhani chakula kinakuja. Tulicheka, na siku nyingine hatukucheka. Joyness alifanyia hesabu zake kwenye benchi lile lile, na Elizabeth alijifunzia kutembea pale, akishika goti la huyu na goti la yule. Nikimfikiria Felisita wa miaka hiyo, namwona ana chekeche mkono mmoja na simu mkono wa pili, na mtoto anavuta khanga yake.

Kulikuwa na gharama pia. Alasiri moja umeme ulirudi mama mmoja akiwa katikati ya kisa kitamu. Felisita hakutaka kumkatiza. Aliingia ndani akawasha mashine huku bado ameshika simu mlangoni, akamimina mtama wa mteja mmoja juu ya mahindi ya mwingine. Mwenye mahindi aliuangalia unga wake uliogeuka kijivu. Felisita akaenda nyumbani akamletea unga wake mwenyewe wote uliokuwa kwenye ndoo. Jioni ile wanawe walikula viazi.

Ijumaa iliyofuata Josia alirudi akakuta bado watu wako kwenye benchi, giza linaingia, jikoni hakuna moto. Hakugomba. Aliwasha moto mwenyewe, akasonga ugali, akawalisha watoto. Felisita alipoingia, alimwekea sahani mbele.

"Mama Joy," akasema, "jana kazini kijana mmoja amenionyesha video zako. Amenieleza kilichokuchekesha juzi na kilichokuliza Jumanne. Mimi mumeo nimepata habari zako kutoka kwake."

Felisita aliniambia kwamba maneno hayo yalimwingia kuliko angefokewa. Tangu siku hiyo simu haikuvuka mlango wa jikoni, na Jumamosi mchana ikawa ya Josia na watoto, umeme uwepo usiwepo.

Akaendelea hivyo miaka mitatu. Akina mama wa benchi walijulikana. Milembe alipoenda kliniki Bariadi, muuguzi alimshika mkono akamwomba wimbo.

Mwaka jana, baada ya pamba ya shamba lao kuuzwa vizuri, Josia na Felisita walinunua mashine mpya. Hii inakoboa na kusaga, na gunia moja halimalizi hata muda wa kunywa chai. Umeme nao siku hizi umetulia. Watu hawakai tena. Wanampa bodaboda salfeti ya mahindi, anaitupa mlangoni, anaifuata baada ya nusu saa, na simu inapigwa: mzigo tayari. Kwenye benchi sasa vinakaa viroba.

Felisita alifurahi, maana ndicho alichokiomba. Lakini wafuasi wakaanza kuuliza: wale mama wako wapi? Milembe mzima? Akaona awakusanye. Aliwaalika Jumapili baada ya ibada, akakodi viti vya plastiki, akanunua soda. Wakaja wote, wamevaa vitenge vya kanisani, wamekaa wima. Joyness aliweka simu kwenye kijiti chake akasema tayari.

Milembe akasimama. "Mimi naitwa Milembe Ndalahwa," akasema, "ni mkazi wa kijiji hiki. Nashukuru kwa kupewa nafasi hii." Akaketi. Wa pili naye akashukuru kwa nafasi. Wa tatu akawataka vijana wazingatie elimu.

Felisita alizima simu. Akawagawia soda zilizobaki, wakanywa, wakaulizana habari za wajukuu. Walipoinuka kuondoka, alimsindikiza Milembe hadi barabarani.

"Nimekuangusha," Milembe akasema.

"Hapana, mayu. Ni mimi nimeita vibaya."

"Siku zile tulikuwa tunangoja umeme, mwanangu. Leo ulikuwa unatungoja sisi. Mtu akikutazama mdomo hivyo, neno linarudi tumboni."

Wiki kadhaa Felisita hakurusha kitu. Alijaribu kujirekodi anapaki unga wa dona kwenye mifuko midogo. Video hizo zilipata watazamaji wachache, ila baadhi yao walikuwa na maduka Bariadi, na sasa kila Jumatano mifuko inapanda basi kwenda mjini. Biashara haijawahi kuwa nzuri hivi.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza, alisikia Milembe anabangua karanga za mbegu peke yake. Akaenda na Joyness Jumamosi asubuhi. Walikaa kwenye mkeka, maganda yakipasuka vidoleni, na muda ulivyokwenda Milembe akaanza kusimulia mzee Bujiku alivyoileta injini ya dizeli kwa mkokoteni wa ng'ombe, na jinsi wanawake walivyoogopa kula unga wake, wakisema umesagwa bila mkono wa mtu kwa hiyo hautashibisha. Mama mkwe wake Milembe alikataa kuuonja mpaka alipokufa. Joyness alicheka akamwaga karanga. Felisita, aliyeishi na mzee huyo miaka kumi, hakuwahi kukisikia kisa hicho.

Simu ilikuwa mashineni, kwenye chaji.

Siku hizi huenda kwa Milembe, au kwa mwingine mwenye kazi ya mikono, anapopata nafasi. Mara chache hurekodi, baada ya kuomba. Mara nyingi hapana. Wafuasi wamepungua na hajui kama watarudi.

Juzi nilipofuata unga wangu nilimwuliza kama anazikumbuka siku za benchi. Aliondoa kiroba kimoja ili nikae, naye akaketi, tukabaki tumetazama barabara ya Bariadi.

"Nilikuwa nimechoka sana miaka ile, mwalimu," akasema. "Mtoto mgongoni, unga puani, watu wananisubiri. Nilikuwa naomba iishe. Sasa imeisha, na kuna saa natamani mota izime kidogo tu."

Bodaboda ikasimama na magunia mawili. Akainuka kuyapokea.