Muuaji Aliyeomba Maji

Nikisikia harufu ya petroli ya jenereta, hadi leo mkono hunienda shingoni wenyewe. Harufu hiyo ilitangulia filamu yetu, ile iliyochezwa na watu wa mtaa wetu hapa Bunia na kuonyeshwa jioni moja kwenye ukuta wa parokia. Damu yake ilikuwa mawese na nyanya. Niliikoroga mimi mwenyewe, na nilijivuna kweli kweli.

Muuaji mkuu alikuwa baba mdogo Etieni, seremala aliyekimbia mauaji ya Djugu akahamia kwetu, mtu mpole aliyeogopa hata kuchinja kuku. Katika filamu aliingia nyumbani kwa mama mmoja, akavua kofia, akaomba maji. Akanywa taratibu. Akasema, "Aksanti, mama," akamrudishia kikombe kwa mikono miwili. Kisha akainua panga. Nilijua ni mawese, lakini nilipiga mayowe kama wengine.

Kwetu hapakuwa na majaji wala kombe. Mchezaji aliyewakuna watu, kina mama walimtandikia vitenge chini apite juu yake. Baba mdogo alivitamani mno vitenge hivyo. Asubuhi ile aliniambia, "Nikivikanyaga, nitajua niko mutu wa hapa."

Filamu ilipokwisha, vitenge vikatandikwa kwa kijana aliyecheza askari shujaa, ambaye, tuseme ukweli, alikuwa mkavu kama ubao. Ndipo baba mdogo akajitokeza, akitabasamu kwa haya.

"Ni yeye!" mama mmoja akalia. "Ndjo yeye aliua batoto yetu!"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Wengi pale walikuwa wakimbizi kama yeye, na walikuwa wameshasahau kwamba ile ni filamu. Walimwangusha, wakampiga kwa viti na mateke, nikasikia mfupa ukivunjika. Nilipiga kelele, "Ni mawese! Ni mawese tu!" Mama yangu alijitupa juu yake, wakampiga na yeye, mpaka padri alipowatawanya.

Tulipofika mlangoni petu, mama alivua kitenge chake cha juu, akakitandika chini.

"Pita, shemeji."

Akapita, damu ikimchuruzika. Mama alipokuwa akimsafisha, baba mdogo alianza kucheka kwa mdomo ule uliopasuka. "Uliona, shemeji? Balimuchukia. Bote balimuchukia!" Nilidhani wamemharibu akili.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza kwamba yale maji hayakuandikwa na mtunzi wa filamu. Siku wauaji walipoingia kwao Djugu, baba mdogo alikuwa amejificha chini ya kitanda. Aliona kofia ikivuliwa, akamsikia mama yake akisema karibu, akasikia na ile aksanti. Mwenye kofia hakuwahi kushtakiwa popote. Ni jioni ile tu, kwenye ua wa parokia, watu walipomwona na kumpiga, na baba mdogo ndiye aliyemwazima mwili. Nami nilikuwa nimesimama pale, nikiwalilia kwamba ni mawese tu.