Msoma Maombi

Kila Jumapili, katika ibada ya Kiswahili huko Old Kampala, msoma maombi alilainisha karatasi ya wanaoombewa kwa kiganja, akapitisha kidole chini ya kila jina, kisha akamsihi Mungu aliamshe kanisa lililolala. Sauti yake nzito iliwatoa watu machozi. Jumapili moja Akidi, ambaye mumewe Onen alikuwa amechukuliwa na wanajeshi wenzake kambini, alimwomba jina hilo litajwe. Aliliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Lakini msoma maombi alipolifikia aliwaona watu wawili wa usalama kwenye benchi la nyuma, kofia vichwani. Kidole kikaliruka. Akaendelea na wagonjwa, kisha akaomba uamsho kama kawaida, na watu wakaitikia amina kwa nguvu.

Akidi alimngoja mlangoni.

“Mzee, jina ya bwana yangu hukuona?”

“Macho, mama. Siku hizi yananisumbua.”

“Pole sana, mzee,” akasema Akidi, akamshika mkono amsaidie kushuka ngazi.

Msoma maombi alizijua ngazi zile zote saba. Alizishuka moja moja akiongozwa kama kipofu, uso ukimwaka, asithubutu kuutoa mkono wake.