Pipa Lenye Tundu la Risasi

Waporaji walipoingia kwa Véronique walibeba kila kilichobebeka: magodoro, mlango wa jiko, sufuria zote, hata kamba ya kuanikia nguo. Pipa la maji ya moto waliliacha, wala si kwa huruma. Lilikuwa limejengewa matofali nyuma ya ukuta wa bafu, limelala juu ya tanuru lake kama nguruwe aliyeshiba, na bomba lake lilipenya ukutani mpaka ndani. Mmoja wao alilivuta, likakataa. Akalipiga risasi kwa hasira, maji yakamrukia viatuni, wenzake wakamcheka.

Mji wa Bunia wa mwaka ule wa 2003 ulikuwa hivyo. Leo wametawala hawa, kesho wale, na kila aliyekuja alikuta bado kuna cha kubeba.

Véronique hakulisikitikia pipa. Donatien, mumewe, ndiye aliyelijenga enzi dhahabu ilipomwendea vizuri, akajisifu mtaa mzima kwamba mke wake ataoga maji ya moto kama wake za wakubwa. Véronique aliyaoga msimu mmoja tu. Kisha akaletwa Joëlle, msichana wa Mahagi-Port, bandari ya ziwani, mwenye shingo ndefu, na Véronique akahamishiwa chumba cha nyuma, karibu na kuku. Tangu hapo akawa wa kuchochea moto nje ya ukuta, na ndani ya ukuta mwenzake akiimba na kujimwagia maji.

“Ongeza kuni kidogo, yaya!”

Yaya, dada mkubwa. Neno hilo lilimkwaruza kama mchanga ndani ya bugali. Baadaye Donatien alihamia Mahagi-Port na Joëlle wake, kwenye biashara ya samaki, akamwachia Véronique nyumba ailinde. Hakumwambia kwamba ni yake.

Sasa Joëlle alikuwa amerudi. Alifika juu ya lori, kisha kwa miguu, tumbo limemtangulia, nguo zake zote amezivaa mwilini. Vita vilipofika ziwani, Donatien alivuka kwenda ng’ambo.

“Akakuacha?” Véronique aliuliza, amesimama mlangoni, hajampisha bado.

“Alisema mutumbwi umejaa.”

“Umejaa nini?”

“Makayabo.”

Véronique nusura acheke. Mume ameokoa samaki wa chumvi, akamwacha mke mwenye mimba ufukweni! Ni miaka mingi hakuna aliyemwambia habari ya Donatien aliyoweza kuiamini papo hapo. Akasogea kando, Joëlle akapita.

Mtoto alizaliwa kabla wiki haijaisha, msichana, juu ya mkeka. Aliyempokea ni Marie-Claire, jirani mwenye umri, mzalishaji wa mtaa. Alipokwisha kunawa mikono alimfuata Véronique uani.

“Mama Véro, muzazi anahitaji maji ya moto.”

Véronique alijua. Desturi ni kwamba mzazi huogeshwa maji ya moto asubuhi na jioni, akakandwa tumbo kwa kitambaa mpaka damu iliyolala itoke. Na anayemwogesha si mtu yeyote tu: ni mwanamke mkubwa wa nyumba. Akishamwogesha, amempokea pamoja na mtoto. Hawezi tena kusimama mbele za watu akasema huyu si wetu.

“Nitachemsha ndani ya nini?” alijibu. “Ndani ya viganja? Miye mwenyewe napikia ndani ya kopo la maziwa.”

“Na pipa?”

“Limetoboka.”

“Basi utengeneze.”

“Ao nitupe.”

Marie-Claire alifuta mikono kwenye kanga. “Fanya moja, mama. Lakini fanya. Baridi ikiingia ndani ya muzazi haitoki.”

Véronique alifagia ua uliokwisha fagiliwa. Alikwenda nyuma ya bafu, akatia kidole kwenye tundu, akarudi. Alikaa, akainuka. Upande wa uwanja wa ndege risasi zililia kidogo, zikanyamaza. Akarudi tena kwenye tundu, kana kwamba lingekuwa limejiziba.

Mchana akaja Ephraïm, mdogo wake Donatien, akisukuma pipa jekundu barabarani kama mtoto anavyosukuma gurudumu.

“Shemeki! Nimesikia shida yenu. Hii iko mupya. Tunabomoa ile nzee, tunaweka hii, jioni mutoto na mama wanaoga.”

“Ulitoa wapi?”

“Aa, shemeki. Vita inagawa, siye tunapokea.”

Véronique alilizunguka. Upande mmoja palikuwa na alama nyeusi za masizi ya mafuta ya kukaangia. Akalijua. Lilikuwa la Hélène, muuza mikate, aliyekimbilia njia ya Beni na watoto wake. Siku zote lilikaa kando ya karai lake, na maji ndani.

“Siku Hélène akirudi,” alisema, “moshi wangu ndiyo atauona kwanza, kisha pipa yake chini.”

“Hélène! Nani amekuambia atarudi? Na weye, sufuria zako si zilikwenda? Ulirudishiwa?”

“Niliona sufuria yangu kubwa sokoni. Mama aliyeuza aliniangalia ndani ya macho, akaniuliza nataka bei gani.” Véronique alilipiga pipa teke, likatoa sauti tupu. “Sitaki kuwa ule mama. Beba.”

“Kaka akirudi, akakuta bibi yake amekufa na baridi, utamwambia nini? Pipa ya Hélène ilikuwa na dhambi?”

“Ee. Utamwambia weye, na makayabo yake.”

Ephraïm alicheka bila kutaka, akalisukuma pipa lake akaenda.

Véronique akajisikia mwepesi. Pipa jipya amelikataa kwa haki. La zamani ni bovu. Basi hakuna kuoga, na hakuna atakayemlaumu. Alijaribu kukaa ndani ya wepesi huo, ukamtoroka. Alipoingia ndani alimkuta Joëlle amejikunja ukutani, meno yanagongana, anamfunga mtoto kwenye kitenge.

“Kesho tutaenda, yaya.”

“Wapi?”

“Sijui. Tutaenda tu.”

Hili ndilo Véronique aliloomba usiku ngapi? Na sasa halikumkalia. Joëlle akiondoka, akafia njiani yeye au mtoto, mtaa wote utasema Véronique amemfukuza. Na siku Donatien atakapovuka kurudi, atapata mahali pa kutua mzigo wake. Atasema: niliacha familia mikononi mwa yule mwanamke. Hapana! Vyote alivyochukua mwanaume yule, basi, lakini zawadi hiyo hatapewa.

Alitoka akiwa hana hata kandambili, akaenda kumwita Mumbere, fundi wa baiskeli.

Mumbere alilitazama tundu, akapiga mluzi. “Moja tu? Risasi ilizama ndani ya maji, basi. Iko juu ya moto, si chini. Tutafunga na bolti, na mupira wa baiskeli ndani na inje. Shida: nani ataingiza mukono?”

Mlango wa pipa ulikuwa mraba mdogo uliokatwa juu, wa kumiminia ndoo. Mkono wa Mumbere ulikwamia kwenye kiwiko. Véronique alikunja kanga begani, akausukuma wake. Vita vilikuwa vimemkondesha. Uliingia mpaka kwapani, shavu lake likabanwa kwenye bati lenye kutu.

“Shika bolti kwa nguvu, mama. Nakaza.”

“Kaza.”

“Usiachilie!”

“Nimekuambia kaza! Nimeshika vitu vigumu kupita hii.”

Bolti ilitaka kuzunguka pamoja na spana ya Mumbere. Aliibana mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Bati likalia, mpira ukalala. Mumbere akamimina bidoni la maji. Wakasubiri. Jasho la maji likatokea kuzunguka mpira, akakaza tena, likakauka.

Kuni hazikuwepo, na kwenda kuzikata kwenye mikalitusi nje ya mji siku ile kulikuwa kwenda kufa. Véronique alipanda darini, akashusha mbao ambazo Donatien alizificha kwa ajili ya nyumba ya pili, ya Joëlle. Zilikuwa kavu. Ziliwaka vizuri.

Maji yalipotoka bombani na mvuke wake, alimkalisha Joëlle kwenye jiwe la bafu, akachovya kitambaa, akambandika tumboni.

“Yaya! Unaniua!”

“Nikitaka kukuua ningekuacha ndani ya baridi. Nyoosha mugongo.”

Alimkanda bila upole, kama anayekanda unga wa watu. Joëlle alilia, kisha akalia kilio kingine, cha chini, ambacho hakikuwa cha maji. Véronique alikamua kitambaa. Alichovya tena.

Kutoka uani Marie-Claire akaita kwa sauti ya kusikiwa na majirani, kama desturi inavyotaka: “Nani anaogesha muzazi?”

Véronique aliangalia mlango wa bafu, kana kwamba bado angeweza kutoka.

“Ni miye,” akajibu. “Miye Véronique. Na baba wa mutoto akiuliza, mwambieni hivyo hivyo.”

Kisha akamwambia Joëlle ashike ukuta, maana bado mgongo.