Robo Saa Mteremkoni Kapsokwony

Si kweli kwamba Lenah Wanjala alionekana amekumbatiana na mkwewe garini. Wanaolisema sokoni Bungoma hawakuwapo Kapsokwony siku ile, na aliyewaletea habari alikuwa ng'ambo ya bonde, mkononi hindi la kuchoma, mvua ikimpiga machoni.

Lenah ni mjane wa Mwalimu Mkuu Wanjala, na mwenyewe alifundisha historia miaka thelathini na mmoja. Binti yake Joan ameolewa Kitale na Muchiri, mwana wa mzee Gachanja wa Endebess, Mkikuyu aliyezaliwa na kukulia huku. Na Wabukusu wana lao: mama mkwe na mume wa bintiye hawapeani mikono, hawaketi pamoja, wala hawatazamani usoni. Muchiri aliishika desturi hiyo kuliko wengi waliozaliwa nayo. Kwa miaka tisa alipeleka salamu kwa mdomo wa Joan, na akimwona Lenah njiani, aliingia shambani mwa watu mpaka apite.

Jumamosi moja ya Agosti, mkutano wa kina mama wa kanisa ulipokwisha Kitale, Joan alimwambia, "Mama, leo tuache lami. Tupitie mlimani, Saboti mpaka Kaptama, tuone tamasha la Kapsokwony, ndio nikufikishe nyumbani."

"Na yule?" Lenah hakuwa na desturi ya kumtaja jina.

"Atakuja nyuma na pikapu. Mbali kabisa."

Njia ilikuwa nzuri, hilo Lenah hakatai. Kabichi zilipanda mlima kwa mistari, ukungu umekaa juu ya misitu kama maziwa yaliyoganda. Lakini kila kona ilifungua shimo upande wake, naye alishika mkanda wa kiti akasali kimyakimya. Joan akacheka. "Mama, si unafunga macho! Sasa utaona nini?"

Kapsokwony ilijaa. Ngoma zililia uwanjani, magari yamebanana. Joan alipata nafasi mlimani tu, gari likitazama juu, bonde nyuma yake. Akavuta breki ya mkono, akashuka kununua asali kabla mvua haijaanza.

Lenah alibaki peke yake. Kwenye kioo akamwona Muchiri akija kwa miguu. Ameacha pikapu chini, na njia ilikuwa nyembamba, lazima apite hapo. Alifanya kile ambacho mama yeyote wa kwao angefanya: alijifunika leso kichwa na uso, akainama. Muchiri naye akageuza uso ukingoni, akapita upesi. Hivyo watu wawili wenye macho mazima hawakuona magurudumu yakianza kuzunguka.

Lenah alihisi kiti kikirudi nyuma. Alidhani ni kizunguzungu. Akangoja nyayo za mkwewe ziishe ndipo afunue uso, na alipofunua, nyumba zilikuwa zikimkimbia. Angemwita nani, na kwa jina gani?

Wanawake wa nje ndio waliopiga kelele. Muchiri aligeuka, akakimbia, akafungua mlango wa dereva akajitupa ndani na kuivuta breki kwa nguvu zake zote. Gari lilisimama. Gurudumu la nyuma, upande wa Lenah, lilining'inia hewani. Chini ya mlango wake hapakuwa na kitu ila vichwa vya miti.

"Mama, usitingishike. Nikishuka, linaenda."

"Basi usishuke," Lenah akasema.

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu harusi.

Breki ikalia, ikateleza jino moja. Lenah akaishika kwa mikono yote miwili. Alishika chuma. Kwamba mkono wa Muchiri ulikuwa chini ya mikono yake, hilo halikanushwi. Mvua ilifunika vioo. Nje, kijana wa bodaboda aitwaye Kipngeno alipaza sauti, "Leteni kamba!"

"Ati huyo ni mama mkwe wake, weh!" mwanamke mmoja akasema.

"Kamba kwanza, bana! Aibu tutaitafuta kesho!"

Robo saa nzima ilipita kabla kamba haijafungwa kwenye trekta. Waliokuwa karibu waliona, kupitia mlango wa dereva uliobaki wazi, midomo ya wawili hao ikienda. Walizungumza, naam.

Jumapili ya pili, shemeji yake Mukhisa alifika Bungoma na wazee. Kondoo wa kutakasa mwiko uliovunjwa alikuwa tayari amefungwa uani. Lenah hakungoja kuombwa. Aliwamiminia chai.

"Shemeji," Mukhisa akaanza, "kondoo tumemwona. Lakini watu wanauliza mliongea nini mle ndani. Ni jina la marehemu ndugu yangu liko hapo. Ukituambia, tutawafunga midomo."

Lenah aliweka birika mezani. Mtu anayengoja kufa husema ya moyoni, na ya Muchiri aliyapokea kama mama. Hakuwa amemwambia hata Joan.

"Nimetoa kondoo kwa kuketi naye," alisema. "Kwa tuliyoyasema sitoi kitu."

"Shemeji, ni neno moja tu..."

"Chai inapoa, Mukhisa. Sisemi."