Ng'washi na Mbawakavu Wasiokula Muhogo

Saa tatu asubuhi, Ng'washi Mhoja amepiga magoti kando ya pipa lililokatwa nusu, ufukweni Nyegezi. Anageuza jani la gugumaji, anaangalia makovu madogo yaliyotafunwa, kisha anamchukua kwa vidole mdudu asiyezidi punje ya mchele na kumtia katika kopo la maziwa lenye matundu.

"Mia moja na kumi na wawili," anasema. Anainuka na kulitazama ziwa. Hadi katikati ya ghuba ni kijani kitupu, maji hayaonekani. "Na wakubwa wanataka gugu hili liishe kabla ya Sabasaba."

Kazi yake ni kufuga mbawakavu wanaokula gugumaji. Ana miaka ishirini na mitatu. Mshahara hana, hupewa posho kidogo mradi wa utafiti unapomkumbuka.

Alizaliwa Usagara, ambako baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba. Soko huria lilipokuja na wanunuzi wake binafsi, kiwanda kilifungwa. Ng'washi akamaliza kidato cha nne mwaka 1995, hakuchaguliwa kuendelea, akahamia Nyegezi kwa mama yake mdogo, Odeta.

Siku moja Odeta alikwenda kuchota maji. Alipokuwa akisukuma gugu ili ndoo ipate pa kuzama, nyoka aliyejificha humo akamuuma. Alipona, lakini mguu wake haujarudi kuwa kama zamani.

"Hapo ndipo niliposema basi," anakumbuka Ng'washi.

Alijiunga na kikundi cha vijana arobaini waliong'oa gugu kwa mikono. Sehemu waliyosafisha wiki hii, wiki ya tatu ilikuwa imefunikwa tena. Ilipojulikana kwamba hakuna posho, wakabaki tisa. Mtafiti mmoja alipokuja kutafuta mtu wa kufuga wadudu, wanane walicheka. Ng'washi akauliza wadudu wanakula nini.

Januari mwaka jana, Mzee Mihayo, mwenyekiti wa mtaa, alifika na amri ya kumwaga mapipa yote. Watu walikuwa wamemlalamikia kwamba binti anazalisha wadudu watakaomaliza mashamba.

"Dumuzi naye tuliambiwa ni kadudu tu," alimwambia. "Akamaliza mahindi ghalani."

Ng'washi alilijua hilo; hata kwao Usagara mahindi ya ghalani yaligeuka unga. Aliomba wiki mbili. Akaweka pipa moja barazani kwa mzee mwenyewe, akatia mbawakavu ishirini, akalifunika kwa chandarua. Kila asubuhi alimwamkia, akabadilisha majani: muhogo, pamba, mahindi, matembele. Mzee Mihayo aliyakagua moja moja, akitafuta tundu.

Siku ya kumi na tatu wadudu wote walikuwa wamekufa kwa njaa, juu ya majani mabichi.

Mzee aligeuza jani la mwisho, halina tundu. "Haya, endelea," akasema. "Ila ghala langu nitalilinda mwenyewe."

Ng'washi akaachia mbawakavu mia sita katika kipande kimoja cha ghuba, akakizungushia miti yenye vitambaa vyeupe. Kufikia Septemba majani yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia.

Mwezi huohuo ukatangazwa ujio wa mgeni rasmi. Ng'washi alikuwa mjini Nyamagana, akizunguka ofisi hadi ofisi kuomba chandarua. Aliporudi jioni, kipande chake kilikuwa maji matupu. Wasafishaji walioletwa kwa ajili ya mgeni walikuwa wamekichagua hicho kwa sababu gugu lake lilikuwa limelegea, halisumbui kung'oa. Lilikuwa linafuka moshi ufukweni, pamoja na miti na vitambaa vyake.

"Wakanipa fulana ya usafi," anasimulia. "Wakaniambia, dada, tumekusaidia kazi."

Hakulia. Alikaa juu ya jiwe, fulana mkononi. Miezi minane ilikuwa imeungua kwa ajili ya hotuba ya dakika kumi.

Mtu mmoja tu alikuwa amejaribu kuwazuia, naye ni Mzee Mihayo. Walimwambia anapinga maendeleo. Alipoona hawasikii, aliingia majini na suruali yake, akang'oa mashina mawili ya gugu na kuyaficha katika beseni la mkewe. Ng'washi alipoyakagua kesho yake, alikuta mbawakavu thelathini na mmoja.

Hao ndio wazazi wa wote alionao leo.

Sasa anapanga kugawa mapipa kwa kina mama wanaochota maji, kila mmoja alinde kipande chake. Sita wamekubali, Odeta akiwa wa kwanza. Vijana, anasema, wakae pembeni kwanza. Wakija huuliza posho kabla ya kuuliza jina la mdudu.

Alipoulizwa anahitaji nini kutoka serikalini, Ng'washi alifunika kopo lake, akafikiri.

"Miaka mitatu, wadudu wazaliane," alijibu. "Na watu waache kunisaidia."