Niliing'arisha Beringi ya Mama Zuhura

Kosa ni langu, sitamsingizia shetani. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui.

Kwanza ujue mimi si mtu wa kubahatisha. Nilisomea mitambo hapa Guangzhou kwa jasho langu, nikarudi Dar na diploma, kisha nikaja tena huku kufungua ofisi jengo la Tianxiu. Wenzangu wananunua viatu soko la Zhanxi. Mimi nanunua vipuri vya viwanda. Kadi yangu imeandikwa "Injinia" kwa lugha tatu.

Mama Zuhura ni fundi mkuu wa kiwanda cha kemikali za petroli nyumbani. Kompresa yao ya gesi, inayozungushwa na turbini ya mvuke, ilikuwa inakula beringi, kile chuma kinachoshikilia shafti inayozunguka, kila baada ya wiki chache. Meneja akadai mama anazembea kubadilisha mafuta. Mama akanitumia beringi iliyokufa, kaifunga kwenye kipande cha kanga, wataalamu wa huku waseme imeuawa na nini. Jibu lao ndilo lingeamua kama anabaki kazini.

Nikaifungua. Nyeusi tii. Niingie nayo ofisi za watu, na suti yangu? Nikaiosha kwa petroli, nikaipiga msasa hadi nikajiona uso.

Mtaalamu, mzee wa Kichina mwenye lenzi jichoni, akaigeuza mara mbili.

"Laoban," akaniita, maana yake bosi, "nani kaisugua hii?"

"Mimi," nikajibu, nikingoja sifa.

"Basi umeosha maiti kabla daktari hajaipima."

Nikampigia Mama Zuhura. Akauliza, "Mwanangu, diploma yako ni ya ufundi au ya udobi?" Hakucheka. Kesho yake akasimamishwa kazi.

Nikamwandikia meneja, nikakiri. Akakubali isubiriwe beringi nyingine ife. Ilipokufa, mfanyabiashara mmoja wa nguo akaniletea ikiwa ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa kufuli. Kufuli, nasikia, ni la mlango wa Mama Zuhura. Ufunguo alitumiwa yule mzee.

Mzee akaona vishimo vidogo mno: umeme unaozaliwa na mvuke ndani ya turbini ulikuwa unapita kwenye shafti na kuitafuna beringi. Dawa yake ni brashi ya kuupeleka umeme ardhini. Mafuta hayakuwa na kosa. Mama amerudi kazini, kompresa inanguruma vizuri. Ila sasa wanaongea na mzee moja kwa moja. Mimi nabeba kisanduku tu.

Ndugu zangu mnaotumiwa vipuri vilivyokufa, vipelekeni na masizi yake, hata kama mmevaa suti. Suti itafuliwa. Mkikosa dobi, njooni kwangu, diploma ninayo.